Jani la Kijani Kwenye Chupa ya Dada

Wateja wangu wananiita mkali, na hawajakosea. Nina duka la sabuni na mafuta ya kupaka hapa Same mjini, karibu na barabara kuu, mahali ambapo upepo wa tambarare huingiza vumbi hata ndani ya kabati la kioo lililofungwa. Mtu akiniuliza swali la kipuuzi, namjibu kwa upuuzi uleule. Lakini kuna swali moja ambalo likiulizwa naweka kitambaa chini, navuta stuli, na kujibu kwa upole mpaka muulizaji anashangaa. Ni pale mteja, mara nyingi binti wa chuo, anaponyanyua chupa yenye alama ya jani la kijani na kusema, "Mama, hii si ni ogani? Kwa hiyo hawajatesa mnyama yeyote kuitengeneza."

Namwambia sijui. Namwambia jani linaeleza mmea ulivyolimwa, kwamba haukupigwa dawa wala kuwekewa mbolea ya kiwandani. Haliniambii losheni yenyewe ilijaribiwa kwenye ngozi ya nani. Wengine wananishukuru, wengine wanaona nawaharibia siku. Mmoja aliniuliza, "Mama, wewe unauza au unatubu?" Nilicheka naye vizuri tu, lakini alipotoka sikuweza kuendelea kupanga bidhaa. Jibu langu hilo lina mtu ndani yake, na mtu huyo yuko juu kule Suji, milimani kwetu, na bado hajapona.

Ni dada yangu. Ananizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na mpaka leo namwamkia shikamoo kabla sijaketi. Alipomaliza kidato cha nne, ndugu mmoja wa upande wa baba alimtafutia kazi nchi ya jirani, kwenye maabara iliyokuwa ikipima usalama wa sabuni, shampuu na mafuta ya ngozi kabla hayajaingia sokoni. Nyumbani tulijivuna. Mama yetu alikuwa akiwaambia watu nje ya kanisa, bila kuulizwa, kwamba binti yake yuko maabara, nao wakamwona akilini mwao amevaa koti jeupe, ameinamia darubini. Koti jeupe alikuwa nalo kweli. Kazi yake ilikuwa kutunza sungura.

Aliwalisha, akawasafishia vizimba, na mtaalamu alipokuja na kichupa chake, yeye ndiye aliyewashika. Sungura aliingizwa kwenye kisanduku, kichwa kikabaki nje. Jicho moja lilitiwa tone la kile kinachopimwa, la pili likaachwa ili walinganishe. Wengine walinyolewa mgongo wakapakwa hapo. Kisha watu walisubiri waone kama jicho litavimba, kama ngozi itachubuka. Majaribio yakiisha sungura hawakurudishwa popote, kazi yao ilikuwa imekwisha. Hayo yote sikuyajua kwa miaka yote aliyokuwa huko. Alikuja likizo na zawadi za sabuni za kunukia, tukaoga, tukanukia nyumba nzima, naye akakaa kwenye kigoda akitutazama.

Aliporudi moja kwa moja, mama alikuwa ameshafariki na nyumba ya Suji ilikuwa imefungwa. Alisema atakaa pale. Ulikuwa msimu wa baridi, wakati ule ukungu unaposhuka mpaka kwenye migomba na nguo zinakaa kambani bila kukauka. Nilipopanda kumsalimia nilimkuta mtu mwingine. Alikuwa haogi kwa sabuni. Alinawa kwa majivu, miguu akaisugua kwa mchanga wa mtoni, na kwa baridi ile ngozi ilikuwa imempasuka kwenye vifundo vya vidole mpaka inatoa damu. Harufu ilikuwepo, sitaificha. Alikataa kula kwa jirani kwa kuwa vyombo vyao vinaoshwa kwa sabuni. Ilipopigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu, wakaenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yeye alichimba peke yake upande mmoja na watu wote wakawa upande wa pili. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, ningepata wa kugombana naye.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mjomba alisema kuna jambo la ukoo halijafanywa, atafutwe mbuzi. Akina mama wa kanisani walikuja kumwombea, wakaimba vizuri sana, wakaagana naye kwa kupunga badala ya kushikana mikono. Vijana wa bodaboda pale Makanya, ambako ndiko barabara ya kupanda kwetu inakoanzia, walikuwa wakinyamaza wakiniona. Watu hutania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nilikuwa tayari kuuza ng'ombe na duka juu yake, ila sikujua wa kumshtaki.

Siku moja tukiwa bombani nilimsogezea kipande cha sabuni ya mche, bila kufikiri, kama mtu yeyote angefanya. Alirudi nyuma. Akaniambia kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, taratibu, kwamba yote hiyo imepita machoni mwao.

"Machoni mwa nani, dada?"

Ndipo aliponieleza habari za vizimba, kisanduku na tone. Hakulia. Alieleza kwa sauti ileile ambayo mtu humwelekezea mgeni njia ya kwenda zahanati. Akaniambia pia kuhusu miguu. Sungura akiogopa huwa hapigi kelele, anapiga sakafu kwa mguu wa nyuma, na mmoja akianza wengine wanapokea, mpaka chumba kizima kinadunda. Alikuwa bado anakisikia kishindo hicho. Parachichi likianguka juu ya bati la jikoni alikata maneno katikati, akaniangalia.

"Umesikia?"

"Ni parachichi, dada."

"Najua ni parachichi."

Lakini kiganja kilikuwa kifuani. Nilipanda mara nyingi miezi ile, na baada ya muda na mimi nilianza kushtuka kabla hajaniuliza. Niliporudi mjini, mlango wa duka la jirani ukigongwa na upepo, niliinuka kwenye stuli. Niliona aibu kuogopa kitu ambacho sijawahi kukiona, nikakasirika, na hasira zangu zikawaangukia wateja.

Jani lililetwa na wakala wa vipodozi, kijana mwenye maneno mengi. Aliniwekea mezani losheni na sabuni ya kipande, zote zina alama ya jani la kijani na maandishi ya ogani. "Hii, mama, haina kemikali," akasema. "Haina madhara kwa mtu, haina madhara kwa mnyama." Mnyama alimtaja kwa kujaza sentensi tu, naona sasa. Siku ile nilisikia hilo moja tu. Nilichukua vyote alivyokuwa navyo, akashangaa mkali leo amekuwaje.

Kwetu anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Wazee walifanya hivyo kwa dengelua, pombe ya miwa. Sisi tuliolelewa kanisani tuliiacha pombe, lakini desturi tukabaki nayo kwenye uji na togwa. Haina maana kwamba kinywaji kinashukiwa kuwa na sumu. Ni namna ya kusema kwamba kilichomo humu kimenipitia mimi kwanza. Nilipomkabidhi dada ile losheni hakuipokea. Alinisukumia chupa kifuani.

"Anza wewe."

Nikajipaka mkono mzima, kuanzia kiwiko. Akaishika chupa kwa ncha za vidole, akasoma mbele na nyuma, kidole chake gumba kikasimama juu ya jani.

"Hii haijapita kwao?"

"Haijapita."

"Ndiyo maana ya jani?"

"Ndiyo maana yake."

Sikudanganya. Niliamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini, na kwa sababu jani la kijani ni kitu cha upole kukitazama. Dada alijipaka kidogo nyuma ya mkono. Wiki iliyofuata alipaka mikono yote. Kisha akaoga kwa sabuni ya kipande, akanawa kichwa, akafua kitenge chake. Nyufa za vidole zilifunga. Jirani wa nyumba ya chini, mama mmoja mchangamfu mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, alishuka Same akanunua kwangu sabuni ya jani kwa ajili ya sufuria moja na sahani moja, akaziweka mbali na vyombo vingine, akamwalika dada kula makande. Dada alikwenda. Alikula, akaomba kuongezewa. Nilipoletewa habari hizo nilifunga duka mchana kweupe, nikakaa nyuma ya maboksi nikalia.

Kila mara nikipanda na chupa mpya ilikuwa vilevile: anza wewe, nami naanza. Watu walirudi upande wake wa ndiva, naye akarudi kwenye kiti chake kanisani. Hakuacha kusikia ile miguu, lakini alikuwa akisikia akiwa miongoni mwa watu. Na mimi nilijua wazi kwamba vyote hivyo, kuoga kwake, sahani ya jirani, kiti chake kanisani, vimesimama juu ya alama ndogo kuliko ukucha wangu. Nikiwa peke yangu niliiogopa.

Kisha walikuja wataalamu kufundisha wakulima wa tangawizi wanaotaka kuuza mazao yao kwa alama ya kilimo hai. Mafunzo yalifanyika ukumbini hapa mjini, na mmoja wao, kijana mwenye midomo iliyopasuliwa na upepo wetu, aliingia dukani kutafuta mafuta ya mdomo. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampenda palepale. Nikamwonyesha bidhaa za jani. Nikajigamba kidogo, nikamwambia mimi nauza hizi kwa sababu hakuna sungura aliyeumia.

Akakuna shingo. "Hapo naomba nikusahihishe, mama. Samahani lakini."

"Nisahihishe nini?"

"Ogani ni habari ya shamba na viambato. Udongo, mbolea, dawa, usindikaji. Majaribio ya wanyama ni habari nyingine. Kuna alama za vipodozi ambazo masharti yake yanakataza yote mawili, na kuna ambazo hazigusii wanyama kabisa. Neno lenyewe peke yake haliwezi kukuhakikishia."

"Hata kama ni mmea mtupu? Mmea wa nini kuupima kwa sungura?"

"Mmea nao unaweza kuwasha, mama. Upupu si ni mmea? Kitu cha asili kinaweza kupimwa machoni mwa sungura kama kingine chochote."

Niliingia nyuma ya meza nikatoa losheni ileile ninayompelekea dada. Nilitaka aseme kwamba hii ni tofauti. Aliigeuza, akasoma maandishi madogo yote, hakuharakisha. "Hii haisemi," akasema. "Labda hawakujaribu kwa wanyama, labda walijaribu. Hatuwezi kujua kwa kuangalia jani."

Nilimfukuza. Nilimwambia akatafute mafuta yake Moshi, hapa ni kwa watu wenye akili. Alitoka kwa adabu, midomo yake ikiwa bado imepasuka, nami nikabaki nimeshika chupa, damu inanichemka, na sikujua namchemkia nani. Yule wakala? Alikuwa akitafuta ugali wake. Waliochora jani? Jani lao huenda lilikuwa la kweli kabisa kuhusu shamba. Ni sisi tuliolibebesha mzigo ambao halikuahidi kuubeba. Kisha upepo ukaugonga mlango wa jirani, na safari hii sikushtuka. Nilikaa nikasikiliza mpaka ukaacha.

Kijana yule alirudi kesho yake. Nilimpa mafuta ya mdomo bila kuombwa, akaelewa. Akaniambia kama jambo hili linaniumiza hivyo, nitafute bidhaa zenye mchoro wa sungura anayeruka. Wenye alama hiyo, alisema, wameahidi kwamba hawajaribu kwa wanyama, na kuna watu wa kuwakagua. Nikaagiza Arusha. Ilipofika ile losheni mpya niliiweka mezani nikaitazama. Sungura mdogo, masikio nyuma, miguu hewani. Nikasema haya, sasa nimepata kitu cha kweli, nampelekea dada kitu cha kweli.

Nilipanda asubuhi. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia na dada alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikaketi, nikatoa chupa. Nilikuwa nimeshajimiminia kidogo kiganjani, tayari kuanza, alipouona mchoro.

Ungo ulimwanguka. Maharage yalitawanyika mpaka chini ya migomba.

"Wamemchora," akasema.

"Dada, hapana, subiri nikueleze."

"Wamemchora waliyemtumia. Sasa hawaoni hata aibu, wanamweka kwenye chupa." Alikuwa amesimama, mikono ameifunga kwenye kitenge. "Anaruka kwenda wapi? Wale hawakuruka. Kizimba kilikuwa hakina nafasi ya kuruka."

Ilinipasa tu kumwambia kwamba huyu sungura ndiye ishara ya usalama. Angeuliza, je, na jani? Na mimi ningesema nini? Ili nilitetee hili la kweli ilinibidi nilivunje lile alilokuwa amesimama juu yake, na pale kwenye miguu yangu kulikuwa na majivu ya jikoni, yametupwa asubuhi ile, bado yana joto. Niliyatazama yale majivu. Nikasema nimekosea, nimebeba chupa ya mteja, nikairudisha kwenye mkoba. Tukaokota maharage, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Nilipofika mjini nilifanya jambo ambalo silijutii, na asiyelipenda shauri yake. Nilichukua chupa tupu ya jani, nikaiosha, nikaikausha, nikamimina humo losheni ya sungura anayeruka. Nilifanya kwa uangalifu, kwa kijiko, mpaka ikajaa. Nikafuta mdomo wa chupa. Nilijiambia kwamba sasa yale niliyomwambia dada siku ya kwanza yamekuwa kweli. Nje jani analolipenda, ndani mafuta ambayo hayakuhitaji jicho la mtu wala la mnyama. Nani ameumia hapo?

Nilikaa muda kabla sijapanda tena. Nilipofika nilimkuta ametulia, amesuka kikapu karibu nusu, ananiuliza habari za joto la Same kana kwamba siku ile ya maharage haikuwapo. Nikatoa chupa. Akaliona jani, mabega yakashuka.

"Anza wewe," akasema.

Nikaanza. Nikajipaka kiganja, kiwiko, nikamsogezea mkono auone kama kawaida. Sikukumbuka kitu kimoja. Dada alifanya kazi kwa miaka na watu waliokuwa wakibadilisha vichupa kila siku, na alijifunza kuvijua kwa pua, maana ndivyo alivyojua mapema ni siku ya aina gani. Alinishika mkono, akauinua, akanusa. Akanusa tena karibu na kiwiko. Hakuuachia.

"Haya siyo yale."

"Ni yaleyale, dada."

"Mdogo wangu." Hakupandisha sauti. "Umeniwekea nini?"

Nimegombana na maafisa, nimegombana na wenye nyumba, niliwahi kugombana na mchungaji kuhusu viti. Mbele ya dada yangu, mkono wangu ukiwa mkononi mwake, sikuweza. Nikamwambia yote. Nikamwambia habari ya kijana wa tangawizi, kwamba jani ni la shamba, kwamba yale ya zamani sijui yalipita kwa nani, huenda hayakupita, huenda yalipita. Nikamwambia kwamba haya ya sasa ndiyo walau kuna mtu aliyeahidi, na kwamba alama yake ni yule sungura wa siku ya maharage. Maneno yalinitoka ovyo. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira kwamba nalia.

Aliuachia mkono wangu. "Kwa hiyo jani halikuwaahidi kitu wale."

"Halikuwaahidi."

"Na nimekula kwa mama wa chini kwa ajili ya jani."

"Umekula kwa mama wa chini kwa sababu anakupenda."

Aliinuka. Nilijua anakwenda jikoni, kwenye majivu, na niliona kila kitu kikirudi nyuma, vidole vikipasuka, watu wakihama upande wa ndiva. Alifika mlangoni akasimama. Halafu akarudi akaketi karibu nami kwenye benchi, magoti yakagusana.

"Hujawahi kuniuliza walikuwaje," akasema.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemuuliza walifanywa nini. Mimi, mjomba, akina mama wa kanisani, wote tulihangaika kumtafutia cha kunawia.

"Unadhani nawasikia kwa sababu walinichukia," akasema. "Wangenichukia ningepumzika. Walinipenda. Nilipofungua mlango walikuja mbele ya vizimba, wote. Waliujua mwendo wangu. Walininusa kiganja, wakaweka kidevu hapa." Alinionyesha, katikati ya kiganja. "Wa zamu nyingine waliwakwaruza watu, waling'ata. Wangu walikuwa rahisi. Mtaalamu alikuwa akisema leteni wa huyu mama, wake hawana shida. Nilisifiwa. Nilipandishwa cheo kwa ajili hiyo."

Nilitaka kusema kwamba haikuwa kosa lake, kwamba alitumwa, kwamba kazi ni kazi. Aliona nataka kusema, akatikisa kichwa.

"Ukimshika sungura vizuri anatulia. Watu wanafurahi, wanasema tazama, amestarehe. Hajastarehe. Ameona hakuna pa kwenda, ameacha. Mimi nilikuwa naijua tofauti. Nikishika nilikuwa naihisi kwenye vidole, ile dakika anapoacha. Na nilikuwa nasema, vizuri, mwanangu, tulia hivyohivyo."

Jua lilikuwa limetoka kabisa na bonde lote lilikuwa wazi, mpaka tambarare kule chini. Mama wa chini alikuwa akiita kuku. Dada aliichukua ile chupa, akaitazama mbele na nyuma, jani na yote, akanirudishia. Nilidhani ndiyo mwisho, ananirudishia nishuke nayo.

"Nipake wewe," akasema. "Mimi mikono hii sitaki ishike kitu."

Akaitoa mikono yote miwili, viganja juu, akaiweka mapajani pangu. Hakuwa amemruhusu mtu kumgusa tangu arudi. Nilimimina mafuta, nikayapasha moto kwa kusugua viganja vyangu, nikauchukua mkono wa kulia. Ulikuwa mzito, mkono wa mtu anayelima. Nilianza kwenye vifundo, pale ngozi ilipokuwa imefunga na kuacha mistari, nikapanda taratibu kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Nilimshika vizuri. Mara nikahisi mwili wake wote umetulia, kuanzia vidole mpaka bega.

"Dada," nikasema, "ni sawa?"

Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama bondeni. Nikaendelea kupaka, polepole, nikitafuta kwa vidole vyangu ni kutulia kupi, na sikujua.